Zambarau Hairudi

Agnela alikuwa mbele ya duka akifuta vioo vya sanduku la hereni, aliposikia moto wa gesi ukizimwa ghafla nyuma ya pazia. Mwanamke aliyeolewa na sonara huujua moto huo kama mpishi anavyojua mchemko wa maharage. Moto ule ulizimwa kabla ya wakati wake. Alingoja asikie nyundo, au tupa, au walau kikohozi cha mumewe. Hakusikia kitu.

"Baba Aika?"

Akaweka kitambaa chini, akafunua pazia.

Ludovick alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, koleo mkononi, na kwenye ncha ya koleo pete nene ya fedha. Agnela aliifahamu pete hiyo, maana yeye ndiye aliyeipokea. Ilikuja na jiwe la zambarau iliyokolea, kama joho la askofu. Sasa jiwe lililokuwa juu yake lilikuwa la njano, tena njano iliyochoka, mithili ya chai ya rangi iliyotiwa maji mara ya pili.

"Jiwe liko wapi?" akauliza.

"Ndilo hilo."

"Ludovick, nakuuliza jiwe la yule bibi liko wapi?"

"Nimekwambia ndilo hilo. Limeungua."

Aliongea bila kuinua macho. Kucha za pete zilizoshika jiwe zilikuwa zimelika, alisema, akaogopa zitakatika akizikunjua. Basi akaliacha jiwe mahali pake, akalifunga karatasi iliyoloweshwa maji, akaanza kuunga fedha. Mawazo yake yalikuwa kwenye pete za maharusi walizoagizwa juzi, kazi kubwa kuliko hii. Karatasi ikakauka naye hakuona.

"Amethisto haipendi moto," akasema. "Hata jua la dirishani likiipiga muda mrefu huififisha. Mwanafunzi anayeanza kazi leo anajua. Kwanza unatoa jiwe, ndipo unawasha gesi."

"Nawe ulijua."

"Nilijua."

"Likipoa rangi itarudi?"

Ludovick akaiweka pete juu ya tofali, polepole, kama mtu anayelaza mtoto mgonjwa.

"Zambarau hairudi, mama Aika."

* * *

Pete ile ililetwa na bibi mmoja kutoka upande wa magharibi wa Mlima Meru. Jina lake Naisiae, ila kwa umri wake kila mtu humwita koko, kama Waarusha wanavyomwita bibi. Aliingia dukani na mwanawe, jitu la miraba minne liitwalo Koikai. Koko aliifungua kamba shingoni, akaichomoa pete, akaiweka kiganjani mwa Agnela na kuvikunja vidole vyake juu yake.

"Shikamoo, koko," Agnela alisema.

"Marahaba. Hii ni ya mume wangu, Sankale. Nataka ipanuliwe imwenee huyu. Baba yake alikuwa mwembamba."

Akaeleza, na wala hakuna aliyemuuliza. Ujanani Sankale alikuwa nyapara kwenye shamba la kahawa la Mgiriki. Alikuwa mchapakazi, na alikuwa mlevi. Siku moja yule Mgiriki aliivua pete kidoleni mwake mwenyewe, akampa. Akamwambia kwamba jina la jiwe lile kwa lugha ya kwao maana yake ni asiyelewa, na kwamba wazee wa huko huamini mwenye kulivaa pombe haimshiki.

"Na haikumshika tena," koko alisema. "Watu wote kule kwetu wanajua. Sankale na jiwe lake, mpaka tulipomzika. Jumamosi tunaweka msalaba kaburini. Huyu ataivaa pete mbele ya wazee, na ataapa."

Koikai akacheka kwa pua. Ilikuwa asubuhi bado, lakini harufu ya gongo ilimtangulia. Agnela alipompima kidole, mkono wa Koikai ulitetemeka hata ikabidi aushike kwa mikono yake miwili.

"Mzee aliacha kwa sababu ya ini, yeyo," akamwambia mama yake. "Jiwe halizuii kitu. Ni ndugu wa haya mawe meupe tunayokanyaga njiani."

"Nyamaza."

Koko akamgeukia Agnela. "Mwanangu, nasikia mjini hapa mawe hubadilishwa. Nampa nani jiwe langu?"

Agnela aliudhika kidogo, akatabasamu. "Unanipa mimi, koko. Utalikuta kama ulivyoliacha."

* * *

Ludovick alitoka siku ile ile, akaenda mtaa wa madalali wa mawe kumwona Manase, rafiki yake wa zamani. Alirudi kabla chai haijapoa. Akafunua kikaratasi juu ya meza, na ndani yake kulikuwa na amethisto iliyokatwa duara la yai, zambarau safi, sawa kwa ukubwa na lile lililoungua.

"Bei ya majogoo wawili tu," akasema. "Hii si tanzanaiti. Ni jiwe la watu wa kawaida."

"La nini?"

"La nini tena? La pete."

Agnela alikaa kwenye kiti cha wateja. Alikuwa mwanakwaya, na kila Jumapili alisimama mbele za watu akafumbua kinywa. Alimtazama mumewe akilishika jiwe kwa kibano na kulielekeza kwenye mwanga.

"Mwambie ukweli, baba Aika. Ni bahati mbaya."

"Ukweli upi? Mama Aika, fikiri. Nikimpa jiwe lililo lake, atasema tumemwibia. Nikimpa lisilo lake, atasema Mungu awabariki. Sasa niambie, wizi uko wapi hapo?"

Jibu alilijua. Aliogopa kulisema, maana aliiona ile hadithi ikitembea: sonara wa Kichaga amembadilishia bikizee jiwe la marehemu. Nani angengoja kusikia habari za moto na karatasi mbichi? Na yeye ndiye aliyetoa ahadi.

"Fanya unavyoona," akasema.

Ludovick akalitoa lile la njano, akalitia kwenye kikopo cha droo. Kucha alizoziogopa alizikunjua zote bila hata moja kukatika. Hilo lilimuuma Agnela kuliko yote. Kumbe iliwezekana.

* * *

Alhamisi koko alirudi na Koikai. Ludovick aliipangusa pete kwa kitambaa laini, akamkabidhi juu ya kijimto chekundu walichokiwekea wateja wa harusi. Koko hakuitazama. Alifumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya jiwe, akazunguka ukingo wake wote, akazunguka tena.

Akafumbua macho.

"Hili ni zuri," akasema kwa upole. "La kwangu liko wapi?"

"Ndilo hilo, koko," Ludovick akajibu. "Nimelisugua likatakata."

"La kwangu lina pengo ukingoni. Sankale aliligonga kwenye chuma cha trekta. Kila siku nililishika hapa kifuani, kidole kinapajua."

"Kusugua huondoa pengo, koko."

Bibi akamwacha, akamtazama Agnela. "Nilikupa wewe. Sema wewe."

Agnela angeweza kuinamia kitabu cha stakabadhi. Angeweza kusema hajui mambo ya ufundi. Badala yake alijikuta anavuta droo, anafungua kikopo, anaweka lile jiwe la njano kwenye kijimto.

"Hilo ndilo lako. Liliungua kwenye moto likageuka rangi. Tuliogopa kukuambia. Tusamehe, koko."

Koko akalichukua. Gumba lake lilipita ukingoni, likasimama, na uso wote ukamlegea. Halafu akalitazama, akakunja uso. Kidole kilisema ndilo, jicho likasema silo, na bibi wa watu akabaki hapo katikati.

"Wamelichonga!" Koikai akapaza sauti. "Yeyo, usidanganyike! Wamechukua kigae cha chupa wakakimegua hapo kifanane! Kwanza walisema lile ndilo, sasa wanasema hili ndilo. Mnamwona mama yangu mjinga? Jamani njooni mwone wezi!"

Watu wa maduka ya jirani wakaja: wauza simu, fundi cherehani, wateja wa saluni na nywele zao nusu. Mmoja aliinua simu akarekodi. Ludovick alisema, "Ni amethisto, inageuka kwa moto, mwulizeni mtu yeyote," na sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtu anayeongopa. Watu wakacheka. Koikai akapiga meza, kioo cha hereni kikapata ufa.

Koko hakupiga kelele. Aliifunga pete pamoja na lile jiwe la njano kwenye ncha ya khanga. Mlangoni akageuka.

"Jumamosi mje nyumbani," akasema. "Mtasema mbele ya wazee. Msipokuja, Elisaria ataenda polisi." Elisaria alikuwa mzee wa kanisa lao.

* * *

Kufika jioni video ilikuwa imezunguka. Mwalimu wa kwaya alimpigia Agnela akamshauri apumzike Jumapili hii, "mpaka upepo upite." Ijumaa asubuhi wale maharusi walikuja kuichukua dhahabu waliyoileta ya pete zao. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa binti wa adabu. Alisema wameamua tu kusogeza mambo mbele, akaomba radhi mara nyingi, kisha akaigeuza dhahabu mkononi na kuikagua pande zote kabla hajaitia mkobani. Ludovick alisimama akitazama inavyokaguliwa.

Alipoondoka, Agnela akasema, "Kesho chukua mtungi wa gesi. Tutalichoma lile jipya mbele yao, waone kwa macho."

"Sitafanya."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikilichoma, hawataniita mwizi. Wataniita mzembe." Alikaa kwenye kigoda chake, akazungusha tupa kati ya vidole. "Mwizi hurudisha mali, watu wakasahau. Fundi anayeunguza jiwe la marehemu, nani atampa dhahabu yake tena? Kazi hii nimeianza kabla sijaota ndevu, Agnela. Sijawahi kuharibu jiwe la mtu."

Alimwita kwa jina lake. Alifanya hivyo mara chache sana, akiwa amezidiwa. Agnela akaenda akasimama nyuma yake, asimguse.

"Mimi siogopi kuitwa mke wa mzembe," akasema. "Ni kweli. Lile lingine si kweli."

Ludovick akaendelea kuzungusha tupa. Lakini kesho yake, Agnela alipotoka na kitenge chake cha heshima, alikuta mtungi mdogo wa gesi umekwisha kufungwa kwa kamba nyuma ya pikipiki.

* * *

Boma la marehemu Sankale lilikuwa juu, ng'ambo ya makorongo, mahali ambapo vumbi la barabara linaishia kwenye mahindi na mlima unasimama karibu kabisa nyuma ya nyumba. Turubai lilikuwa limefungwa. Wanawake walikoroga masufuria, wanaume walikuwa wamekaa kwa rika. Sonara na mkewe waliposhuka, mazungumzo yalikatika. Hakuna aliyewaonyesha kiti.

Mzee Elisaria aliwasimamisha katikati. "Semeni."

Ludovick alichanganya mchanga na majivu kwenye kibakuli cha udongo, akamwomba koko pete, akalitoa lile jiwe zuri la Manase kwenye kucha zake. Akalishika juu watu waione zambarau yake, akamtaka mzee alishike, na mwingine, na mwingine. Kisha akalilaza kwenye mchanga na kuwasha moto, kwanza ukiwa mbali, halafu akausogeza taratibu.

Watoto walifukuzwa wakarudi. Zambarau ikaanza kuwa nyepesi, kama wino uliotiwa maji. Ikawa kijivu cha moshi. Kisha jiwe likabaki kama maji matupu, na mama mmoja akasema, "Yesu wangu." Ludovick akazima gesi. Wote, wazee kwa vijana, walilitazama jiwe linavyopoa. Njano ikaja yenyewe kutoka ndani, polepole, bila kuguswa na mtu.

Koko akalichukua likiwa bado na uvuguvugu. Akaliweka kwenye kiganja pamoja na lile lenye pengo. Yalikuwa ndugu.

"Kwa hiyo ni lake kweli," Elisaria akasema.

"Ni lake," Ludovick akasema. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola. "Nilipaswa kulitoa kabla ya moto. Nilijua, nikafanya haraka. Halafu nikaongopa. Mke wangu ndiye aliyesema ukweli. Uzembe ni wangu mimi."

Agnela alitarajia baada ya hapo kifua kitakuwa chepesi. Hakikuwa. Watu waliguna, wakatazamana. Mzee mmoja akauliza, hivi yuko fundi gani asiyejua kazi yake? Mwingine akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba jiwe halikuungua bure, limegeuka kwa sababu ya anayetaka kulivaa. Hapo ndipo wote walipokumbuka kutazama huku na huku. Koikai hakuwepo.

Ludovick aliketi chini kwenye mkeka, akalirudisha lile jiwe lenye pengo kwenye pete, akazikunja kucha moja moja. Koko alisimama juu yake mpaka alipomaliza.

* * *

Ibada ilianza bila Koikai. Msalaba wa saruji ulisimikwa, mchungaji akaomba, akinamama wakaimba. Koikai alitokea wimbo ukielekea mwisho. Alikuja kupitia kwenye mahindi, shati halijafungwa, hatua zake zikitafuta ardhi. Watu walimpisha kama wanavyompisha ng'ombe mwenye wazimu. Mchungaji akafunga kitabu.

"Mnaniangalia nini?" Koikai akasema. "Nimekuja kuapa. Leteni hilo jiwe. Aa, nimesikia limekufa kweli!" Akamwona Ludovick, akamnyooshea kidole, akacheka mpaka akayumba. "Huyu fundi amenisaidia. Sasa nitaapa kwa nini? Kwa chai ya rangi?"

Agnela aliinamisha kichwa. Kila neno aliliona limetoka kwenye ile meza yao ya dukani, pale alipojibu, fanya unavyoona.

Koko akamwendea mwanawe. Alimfika kifuani tu.

"Leta mkono."

"Nimekunywa, yeyo."

"Nina pua. Leta mkono."

"Mbele ya wazee? Na jiwe lenyewe halina nguvu?"

Koko hakupaza sauti, lakini palikuwa na utulivu na kila mtu alimsikia. "Siku baba yako alipokuja na pete hii, alikuwa amelewa kuliko wewe. Alianguka pale mlangoni, mimi nikamvua viatu. Kesho yake akanywa. Mwezi uliofuata akanywa. Alikunywa na pete yake mkononi mpaka wewe ukazaliwa, ukaanza kutembea. Aliacha, akarudia, akaacha tena. Watu wanasema jiwe lilimzuia kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia hivyo. Niliona aibu kusema ilichukua muda gani."

Hata akinamama wa masufuria walikuwa wamesimama na miiko yao.

"Lilikuwa zambarau wakati wote huo," koko akasema. "Halikumzuia. Leta mkono wako, Koikai."

Jitu lile lilisimama likipepesuka. Uso wake ulikunjika kama wa mtoto anayekataa dawa. Hatimaye mkono mkubwa ukatoka. Koko akaisukuma pete ikapita kwenye kiungo cha kidole, ikakaa. Ilimwenea barabara. Agnela aliona, na alijua mumewe naye ameona.

Koikai hakuapa. Wala hakuna aliyemwambia aape. Alienda kukaa chini kando ya kaburi la baba yake, mkono wenye pete ameulaza gotini kama kitu kisicho chake, na pale akasinzia huku mchungaji akimalizia sala.

Chakula kilipopakuliwa, Ludovick alienda kufunga mtungi kwenye pikipiki. Alitaka waondoke bila kuonekana. Agnela alikuwa ameshika kofia yake ya pikipiki alipomwona koko akija na bakuli mbili za loshoro, mahindi ya maziwa mgando, akitembea kwa uangalifu zisimwagike. Akampa moja, nyingine akaiweka juu ya kiti cha pikipiki, mbele ya Ludovick.

"Koko," Agnela akasema. "Umetusamehe?"

Bibi akamtazama. Macho yake yalikuwa mekundu na makavu.

"Bado," akasema. "Kuleni kwanza."